Jeraha la Ukweni

Katika kitongoji kile nyuma ya msitu wa Mgori, ukitaka kumkasirisha Evodia ilitosha kumwambia kwamba kuku wako wamekufa kwa upepo. "Upepo gani?" angekuuliza, mikono kiunoni. "Huo upepo umepiga kwako tu, kwa Agripina umeruka?" Kisha angekukumbusha, tena bila kupunguza sauti, kwamba siku ya chanjo uliwafungulia kuku mapema, au ulimficha tetea wako mzuri uvunguni kwa kuogopa eti atasusa kuatamia. Alikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, ya kukera. Watu walimwita Mama Tone, wengi kwa mapenzi, wengine huku wamekunja uso.

Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Kila baada ya miezi michache alipita nyumba kwa nyumba alfajiri, kuku wakiwa bado bandani, na kichupa chake amekizungushia kitambaa kibichi. Mwenye nyumba alimshika kuku, yeye akamlaza kichwa ubavu na kumdondoshea tone moja jichoni. Alisubiri kuku apepese, kisha akasema, "Mwingine." Kabla ya kuingia nyumba ya pili alinawa mikono na kuosha kandambili zake kwa sabuni, na hapo ndipo walipomcheka. Yeye aliwaacha wacheke. Alijua kwamba kideri hakina miguu, kinatembea kwa miguu ya watu.

Bwana mifugo ndiye aliyemfundisha, lakini maneno ya kuwaeleza wenzake aliyatunga mwenyewe. Alisema mwili wa kuku una walinzi wake, na wa binadamu vilevile, ila mlinzi hawezi kumkamata mwizi asiyemjua sura. Akimwona mara ya kwanza atababaika, na wakati anababaika mwizi anamaliza nyumba. Hilo tone, alisema, ni mwizi aliyefungwa kamba, analetwa walinzi wamtazame vizuri. Siku akija ndugu yake ambaye hajafungwa, watamrukia mlangoni. Na kila mara alimalizia kwa onyo lilelile, kwamba mwizi mmoja si mwingine, kwa hiyo tone la kideri halizuii ndui, na mtu asije kumlaumu yeye kuku wake wakitoka vipele.

Watu walidhani ukali ule ni tabia tu. Waliomjua tangu ujana walijua ulikotoka. Mtoto wake wa kwanza, Deo, alifariki kwa surua kabla hajajifunza kutembea vizuri. Siku ya kliniki iliangukia kwenye matanga ya baba mkwe wake, na mke wa nyumba ile hakuweza kuacha msiba wa ukweni akaenda kupanga foleni ya sindano. Watu wangesema nini? Wakamwambia atampeleka mwezi utakaofuata. Akatii, akabaki anasonga ugali wa waombolezaji, na surua ikatangulia kufika. Mtoto wa pili, Jesca, hakumkosesha kliniki hata moja, na mumewe Simeoni alipofariki Jesca akiwa bado shule ya msingi, dunia nzima ya Evodia ikabaki kwa binti huyo na kuku.

Jesca alikua, akaolewa mbali, Mitundu, huko kwenye vichaka vya Itigi, na mwanamume aitwaye Melkizedeki. Alikuwa mkulima na mrina asali, kijana mtaratibu, mchache wa maneno, mwenye mizinga mingi porini. Shida yake ilikuwa hiyo mizinga. Akiingia porini msimu wa kurina, nyumbani alionekana kama mgeni. Mwaka wa pili wa ndoa Jesca alirudi Mgori na kifurushi chake, akasema amechoka kuishi na kivuli. Ikabidi kikao cha pande mbili kikae Mitundu, na Evodia, mjane asiye na kaka wa kumsemea, akaenda mwenyewe.

Hapo alikosea, au wakwe waliona amekosea. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawali chungu kimoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hujitenga pembeni hadi mwenzake apite. Sasa mama huyu alisimama mbele ya Melkizedeki na wazee wake akasema, "Mwanangu hakuolewa na mizinga. Kama huyu anataka kulala na nyuki, alale nao, anirudishie mtoto." Vijana waliokuwa nje walicheka. Wazee hawakucheka hata kidogo. Walimtaka aombe radhi, naye akaomba, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila kikombe kilichovunjika katika nyumba ile kilisemwa kimevunjwa na mdomo wa mama yake Jesca.

Ndoa ikatulia, hata hivyo. Melkizedeki alipunguza siku za porini, mtoto wa kike akazaliwa, Editha, na miaka ikapita. Jesca alipopata mtoto wa pili, akampigia mama yake simu aje amuuguze. Evodia alifurahi mpaka akasahau kuuliza ni wa kiume au wa kike. Lakini kabla ya kukata simu Jesca aliongeza jambo, kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama, nakuomba. Ukija uje na mikono yako, mdomo uuache Mgori."

"Nimesikia mwanangu," Evodia alijibu.

Yalimuuma, lakini aliona ni haki yake kuambiwa. Akaapa moyoni kwamba safari hii hata nyumba ikiungua atasema kunapendeza. Akapanda basi la Singida na lile la Itigi, kisha pikipiki hadi Mitundu, na kuku wanne wa mzazi miguuni, akapokewa vizuri. Melkizedeki alimwamkia shikamoo kutoka ng'ambo ya ua, ameinamisha kichwa, naye akaitikia marahaba baba akiwa anatazama chini. Akapewa kitanda kwa jirani, kama ilivyo heshima, na mchana akawa jikoni kwa binti yake akichemsha supu na kumkanda.

Pale nyumbani palikuwa na mbwa mwekundu aliyeitwa Mtachoka, mbwa wa porini wa Melkizedeki, mpole kwa watoto na mkorofi kwa wageni. Jesca alisimulia kwa kupita tu kwamba zamani kidogo alirudi kutoka porini ana kidonda puani, labda alipigana na bweha. Aliongeza kwamba mbwa wa kijiji walichanjwa mwaka ule, ila Mtachoka siku hiyo alikuwa kwenye mizinga na bwana wake. Evodia, ambaye kwa kuku angetoa hotuba nzima, aliyakumbuka maneno ya binti yake. Alikoroga supu na hakusema kitu.

Asubuhi moja Editha alikuwa nyuma ya jiko, ameshika kipande cha ugali, bibi yake akipepeta mahindi karibu naye. Mtachoka akatokea upande wa zizi. Hakubweka. Alitembea kama mtu aliyelewa, mate yanamtiririka, akamrukia mtoto mkononi. Evodia alijitupa katikati na ungo wake, mtoto akaanguka, na mbwa akamng'ata bibi pajani kwa nyuma, juu ya goti, akashika, ndipo akaachia na kuondoka zake kama aliyesahau alichofuata. Yote yalikwisha kabla mtoto hajapata pumzi ya kulia.

Alimwinua Editha akamkagua. Kwenye kiganja palikuwa na mkwaruzo mdogo unaotoa damu kidogo. Huenda ulikuwa wa jino, huenda wa changarawe alipoangukia, na mkono mzima ulikuwa umelowa mate ya mbwa. Evodia aliufuta kwa khanga. Jesca akauliza kutoka ndani kuna nini.

"Ameteleza," Evodia alisema. "Ugali wake umechukuliwa na mbwa."

Ni rahisi mtu kukaa pembeni akamshangaa. Lakini mweke mtu pale alipokuwa. Jeraha liko pajani, mahali ambapo mama mkwe hawezi kupataja mbele ya mkwe wake, seuze kupafunua. Mbwa ni wa mkwe. Kusema ni kumshitaki mwenye nyumba ndani ya nyumba yake, mzazi akiwa bado kitandani, na yeye ndiye yule mama mwenye mdomo. Mbwa wa watu humng'ata mgeni kila siku, na mbwa kichaa ambaye Evodia alimjua kwa kusikia ni yule anayetoka mbali mbio, ulimi nje, watu wanamkimbiza kwa mawe. Huyu alikuwa Mtachoka, mbwa wa nyumbani mwenye jina. Kwa hiyo alikwenda bafuni, akajimwagia maji ya chumvi, akafunga kitambaa chini ya sketi, na jioni akawaambia miguu inamsumbua kwa uzee. Alikaa siku chache zaidi, hadi mzazi alipopata nguvu, ndipo akaaga.

Siku ile ya jino, bila yeye kujua, alibeba kifo chake, na mjukuu wake labda alibeba cha kwake. Tofauti na kideri, ugonjwa ule hauna haraka.

Aliporudi Mgori kidonda kilikuwa kimefunga juu lakini kinauma. Akaenda zahanati. Tabibu wa pale, Edward, kijana mzaliwa wa Ikungi, alimheshimu sana na alipenda kumtania kwamba wao ni madaktari wawili wa kata moja. Alipoona matundu mawili yaliyokaa jirani, akauliza ni kitu gani.

"Mgunga," alisema Evodia. "Nilikuwa nazibia zizi la watu nikaukalia."

Miiba ya mgunga hutoka miwili miwili, na hakuna mtoto wa Singida asiyelijua hilo. Edward alicheka, akampa pole, akamsafisha, akamchoma sindano ya pepopunda. Angeambiwa ni mbwa, angefanya mengine. Evodia alitoka pale moyo mweupe kabisa. Alikuwa amechomwa sindano, na sindano ni sindano. Yeye aliyewachosha watu kwa kuwaambia mwizi mmoja si mwingine, safari hii hakujiambia mwenyewe, kwa sababu hakutaka kusikia.

Wiki zikapita. Siku moja Jesca alipiga simu kumsalimia, na katikati ya habari za mtoto mchanga akasema Mtachoka alipotea mara tu bibi alipoondoka, hajaonekana tena, labda fisi wamemla. Evodia alikaa kwenye kigoda.

"Na Editha? Ule mkono wake?"

"Mkono gani, mama? Umepona zamani. Anacheza."

Hapo nafasi ilikuwa bado ipo. Angesema sentensi moja tu wangepona wote wawili. Alifungua mdomo, kisha akawaza kwamba watamuuliza kwa nini hakusema siku ile, na Melkizedeki atajua kwamba mama mkwe wake alikaa nyumbani mwake amefunga kidonda cha mbwa wake, akala chumvi yake, akanyamaza. Aibu hiyo ingekuwa kubwa kuliko ile ya kikao. Isitoshe mtoto anacheza. Akamwambia Jesca amsalimie baba Editha, wakaagana. Tangu siku hiyo, alisema Agripina, jirani yake, Evodia akawa mtu wa kushtuka simu ikilia.

Alizeti zilikuwa zinakatwa vichwa paja lilipoanza kuwasha. Halikuuma, liliwasha kwa ndani, mahali pa kovu, na kisha likawa na ganzi. Ikafuata homa. Agripina alimwambia ni malaria, naye alikubali haraka sana. Siku ya pili aliletewa uji akashindwa kuumeza. Siku ya tatu Agripina alimpa maji kwenye kikombe, na kabla hayajafika mdomoni koo lilijifunga, mwili mzima ukaruka, kikombe kikaanguka. Mlango ukifunguliwa na upepo ukampiga usoni, aliruka vilevile. Halafu hali ile iliondoka, akawa mzima wa akili, akamwomba radhi Agripina kwa kikombe chake.

Maneno yakaanza kitongojini. Wapo waliosema ni pepo la maji, na wapo waliosema Mama Tone amelogwa na wale waliochukia kuambiwa wafunge kuku. Agripina hakuwasikiliza. Alimpigia simu Jesca, akamwita Edward.

Jesca na mumewe walifika wakiwa na watoto wote wawili, vumbi la njia nzima usoni. Melkizedeki alibaki nje, chini ya upenu, kama inavyompasa, akaamkia kupitia ukutani. Sauti ya kuitikia ilitoka ndani, kavu, lakini ilitoka. Jesca alipomwona mama yake alivyochongoka, na macho yanavyomtoka kila upepo ukipita, akakaa chini hapohapo sakafuni na mtoto mgongoni.

Edward alikuja na pikipiki. Alimpima homa, akamwomba anywe maji kidogo, akaona kilichotokea. Akakiweka kikombe mbali, na uso wake ukabadilika. Akamgeukia Jesca.

"Dada, mama aling'atwa na mbwa miezi hii? Au kukwaruzwa?"

"Hapana," alisema Jesca. "Hafugi mbwa."

"Alipokuwa kwenu?"

"Hapana. Nami ningejua."

Edward alimtazama Evodia. Evodia alitazama dari. Nje, Melkizedeki alikohoa kidogo, na watu wote chumbani walisikia alivyokuwa karibu. Edward hakumbana. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akazungumza taratibu, kama anamweleza mwenzake wa kazi.

"Mama, wewe unayajua haya kuliko wengi hapa. Kichaa cha mbwa hakipiti kwenye damu, ambako walinzi wako wamejaa. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu, kinatambaa polepole hadi kwenye ubongo. Kikiwa bado njiani, mtu akichanjwa, mwili unajifunza kabla hakijafika. Kikishafika, mama, hatuna dawa. Sikufichi. Lakini kama kuna mwingine aliyeguswa na mbwa huyo na bado hajaanza kuumwa, huyo bado ana nafasi. Sijui ni ya siku ngapi. Inaweza kuwa leo tu."

Editha alikuwa amesimama mlangoni, amechoka na safari, anajikuna kiganja. Pengine ni mbu tu. Bibi yake alimwona.

Mtu anaweza kunyamaza kwa ajili ya heshima akafa nayo, na wengi wamefanya hivyo wakazikwa vizuri. Evodia aliona kwamba kimya chake sasa kilikuwa kinakula mtu mwingine, na kwamba akimwambia Jesca, Jesca atalia, atauliza, atambembeleza mumewe, na mumewe atasema mbwa wangu hakuwa na shida. Alitaka aaminiwe mara moja. Alijiinua kwa viwiko.

"Melkizedeki," aliita.

Hakuwahi kulitaja jina hilo. Miaka yote lilikuwa baba, au baba Editha. 

"Melkizedeki, ingia."

"Mama, siwezi kuingia humo," alijibu kwa upole.

"Ingia, nimesema."

Aliingia amejikunja, macho kwenye vidole vya miguu yake. Jesca aliinuka kutaka kumtoa, lakini mama yake alimzuia kwa mkono. Kisha Evodia, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuonekana na mwanamume mwingine hata goti, aligeuka ubavu akaivuta khanga juu. Kovu lilikuwa pale, matundu mawili na mstari mwekundu kati yake.

"Nitazame. Usiangalie chini, nitazame. Hili ni jino la Mtachoka. Alinishika nyuma ya jiko lako siku ile niliposema mtoto ameteleza. Alianza kwa mtoto. Mkono wake ulitoka damu na ulikuwa na mate, nami nikaufuta tu."

Melkizedeki alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akapiga magoti pale pale mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, kwa nini hukusema?"

Jesca alijua jibu kabla halijatolewa. Alijifunika uso kwa viganja. Evodia alimwona, na kwa sababu alimpenda alidanganya mara ya mwisho maishani.

"Nilisahau," alisema. "Mchukue mtoto, baba. Nenda sasa."

Edward alikwishatoa ufunguo wa pikipiki. Alimwambia Melkizedeki waende hospitali ya mjini Singida, yeye ataendesha na njiani watapiga simu ili chanjo iandaliwe. Pia alisema mtoto atarudi kwa sindano nyingine na nyingine, asikubali kuishia ya kwanza hata kidonda kikiwa hakionekani. Melkizedeki alimbeba Editha kifuani, mtoto akaanza kulia anamtaka mama yake, na mlio wa pikipiki ukapotea upande wa barabara kubwa. Gari la kumpeleka Evodia nalo lilikuwa limeitwa, ingawa Edward hakuwadanganya litamfanyia nini. Wangemtuliza maumivu tu.

Mchana ule wa kusubiri gari ulikuwa mrefu. Jesca alifunga dirisha upepo usiingie, akazima redio ya jirani, akamlainisha mama yake midomo kwa mafuta kwa kuwa maji hayawezekani. Shambulio lilikuja na kuondoka. Kati ya shambulio na shambulio Evodia alikuwa yeye mwenyewe, akauliza kama kuku wamefungiwa, akauliza kama wamefika mjini. Jesca alisema bado, mama. Alitaka kusema jambo jingine, lile la mdomo na Mgori, alilianza mara nyingi, kila mara akaishia kumpaka mafuta tena.

"Mama, yale maneno niliyokuambia kwenye simu..."

"Ulikuwa na haki," alisema Evodia. "Nilikuwa na mdomo mbaya."

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nao. Baba yako ndiye aliyeupenda, peke yake." Akajaribu kucheka, na kicheko kikageuka kuwa shambulio tena, na ilibidi Jesca na Agripina wamshike.

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipolia. Alikuwa Melkizedeki. Alisema wamefika, madaktari wamempokea mtoto, wameuosha mkono kwa sabuni kwa muda mrefu ingawa umepona, na sasa wanamchoma.  Halafu akaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba katika ndoa ile. Aliomba simu apewe mama.

Jesca aliiweka sikioni mwa mama yake. Melkizedeki alisema shikamoo mama, na nyuma yake sauti ya Editha ikasikika hadi kwa Agripina aliyekuwa mlangoni, mtoto analia kwa nguvu zake zote, analia kwa hasira ya mtoto aliyechomwa sindano na kuambiwa ipo nyingine. Baba yake alikuwa anajaribu kumnyamazisha. Nyamaza mama, nyamaza, bibi anasikia.

"Mwache," alisema Evodia. "Mwache alie."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Jesca aliyaelewa.